Shajara ya mradi: gari la kikundi, waranti ya nyongeza, na wiki tano kabla ya Ramadhani

Jumatatu, 5 Februari 2024. Kilomita 87,412

Gari la kikundi chetu cha mahamri cha Kisauni, Mombasa, limezimika leo saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi katika foleni ya Daraja la Nyali, likiwa limebeba trei ishirini na sita za mahamri na mikate ya sinia kwa maduka ya Majengo na Mwembe Tayari. Dereva anasema mshale wa geji ya joto ulianza kupanda walipofika Kongowea, ukateremka kidogo foleni iliposogea, kisha ukapanda moja kwa moja hadi kwenye alama nyekundu walipokuwa katikati ya daraja. Alizima injini papo hapo, akawasha taa za tahadhari, na hakuugusa mfuniko wa rejeta, chombo cha kupozea maji ya injini. Namshukuru kwa yote matatu, na zaidi kwa hilo la mwisho, kwa sababu maji yaliyochemka chini ya mfuniko uliofungwa humrukia mtu usoni mara tu mfuniko unapolegezwa, na hapa Kisauni tunawajua vijana wawili walioungua kwa namna hiyo.

Trei zilihamishiwa kwenye tuktuk mbili na zilifika dukani kwa kuchelewa, lakini zilifika. Bredauni imetutoza shilingi 5,500 kulirudisha gari upande wa bara.

Kwa wanachama waliojiunga baada ya mwaka jana: gari hili dogo la mizigo liliundwa Japani mwaka 2016, nasi tulilinunua Juni 2023 katika yadi moja ya magari hapa mjini, likiwa na kilomita 71,900. Pamoja na bei ya gari, tulichanga shilingi 38,000 za waranti ya nyongeza ya miezi 24 au kilomita 40,000, lipi litakalotangulia. Hatujawahi kuitumia. Nitaandika humu kila hatua, kwa kuwa fedha ni za wanachama kumi na wanane na kila mmoja ana haki ya kujua zinavyotumika.

Jumanne, 6 Februari

Usiku kucha nimeusoma mkataba wa waranti, kurasa kumi na mbili, na nimeona aibu kwamba mimi, katibu wa kikundi, ninausoma kwa makini kwa mara ya kwanza miezi minane baada ya kuutia saini. Ukurasa wa kwanza umejaa yale yanayolipiwa: injini, gia, pampu ya maji, jenereta. Masharti yenyewe yanaanzia ukurasa wa tano, kwa maandishi madogo, na hayo ndiyo yatakayoamua kama tutalipwa au hatutalipwa. Hitilafu iripotiwe ndani ya saa 48. Injini isifunguliwe kabla ya mkaguzi wa kampuni kufika. Gari lifanyiwe sevisi kila kilomita 5,000 na risiti zihifadhiwe. Kazi ifanywe katika gereji iliyoidhinishwa. Mteja alipe asilimia kumi ya gharama iliyokubaliwa, na alipe gharama yote ya kuifungua injini iwapo itaonekana kwamba chanzo cha hitilafu hakimo ndani ya waranti.

Kwa sharti la pili tumeponea chupuchupu. Jana jioni fundi wetu wa mtaani, ambaye ni mtu mwema na mwenye ujuzi, alikuwa tayari na spana mkononi ili alale amekwisha kuivua hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na ni Bi Mwenyekiti aliyemzuia kwa kumwambia, "Hebu subiri, mwanangu, karatasi zisomwe kwanza." Angeifungua usiku ule, leo tusingekuwa na la kudai.

Mwanachama mmoja ameuliza kwa nini tusiende kwa kampuni ya bima, kwa kuwa tunalipa bima kamili. Bima kamili hulipa ajali, wizi na moto. Kuharibika kwa mtambo kwenyewe, bila kugongwa na bila kuungua, kumetengwa waziwazi katika hati yetu, kama ilivyo katika bima nyingi za magari. Mlango huo haupo.

Saa nane mchana nilikuwa katika ofisi ya kampuni ya waranti na barua nakala mbili, moja nikaiacha na nyingine nikarudi nayo ikiwa imegongwa muhuri na kuandikwa saa. Afisa aliyenipokea alisema kwa upole kwamba gari la biashara halimo ndani ya waranti. Nilimfungulia fomu ya maombi ya Juni 2023, mahali palipoandikwa "matumizi: kubeba bidhaa za kikundi", na risiti ya shilingi 6,000 tulizoongezewa kwa sababu ya matumizi hayo hayo. Alizitoa nakala bila neno. Nawaomba wanachama waelewe kwamba fomu ile ingekuwa imeandikwa "matumizi binafsi" ili tuokoe hizo elfu sita, jambo ambalo lilipendekezwa kikaoni wakati ule, shajara hii ingeishia hapa.

Jumatatu, 12 Februari

Mkaguzi bado hajafika. Gari lilivutwa Alhamisi hadi gereji iliyoidhinishwa, Changamwe. Tuktuk ya kukodi inatugharimu shilingi 2,800 kwa siku na haichukui zaidi ya trei kumi na mbili, kwa hiyo wateja wa Tudor wamesitishwa kwa muda. Nimepiga simu mara tatu na kila simu nimeiandika saa yake na aliyepokea.

Alhamisi, 15 Februari

Leo injini imefunguliwa mbele ya mkaguzi, dereva, Bi Mwenyekiti na mimi. Msimamizi wa gereji ni mzee wa makamo, fundi wa tangu enzi za injini za kabureta, na alitueleza kila hatua kwa subira ambayo sikuitarajia, akituita "wanangu" sote pamoja na Bi Mwenyekiti, ambaye nadhani amempita umri.

Alianza na rejeta. Aliilaza juu ya meza, akakata tangi la juu, akatuonyesha midomo ya mirija. Mirija ya rejeta ni myembamba mithili ya ukucha wa kidole kidogo, na zaidi ya nusu yake ilikuwa imezibwa na ukoko mweupe, mgumu, uliojengeka tabaka juu ya tabaka, ule ule unaoonekana ndani ya birika la nyumba inayochemsha maji ya kisima. Alikwangua kwa ncha ya bisibisi, ukadondoka vipande vipande mezani. "Hii ni Mombasa yenyewe," alisema. "Pwani hii ni jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyake ni ya chumvi na ya chokaa. Ukiyatia ndani ya injini, yakichemka chokaa inabaki." Hakuna kati yetu aliyeweza kubisha. Maji matamu ya mfereji, yale yanayoletwa kutoka Mzima na Baricho, kwetu hufika kwa zamu, na siku yasipofika dereva alijaza rejeta kwa maji ya kisima cha nyumba, kama wanavyofanya madereva wengi wa pwani hii.

Kisha akaonyesha pampu ya maji. Chini ya ekseli yake palikuwa na mfereji mkavu wa rangi nyeupe ulioteremka kwenye bloku, alama ya maji yaliyovuja kidogo kidogo kwa muda mrefu. Sili yake imekwisha.

Jambo la tatu lilimshangaza yeye mwenyewe. Alifungua nyumba ya thamostati na ndani hapakuwa na kitu. Thamostati, vali inayoongoza maji kulingana na joto la injini, haimo. Kuna mafundi wengi wanaoamini kwamba kuitoa kunaipoza injini, kwa hoja kwamba maji yatapita bila kizuizi, na mzee huyu alikasirika hata sauti ikapanda. Alichukua thamostati mpya kutoka rafuni akatuonyesha kwamba ina vali mbili. Inapopata moto, ile ya juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo kisahani cha chini huziba njia ya mkato ambayo maji huitumia injini ikiwa baridi. Ukiitoa yote, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta kamwe. Gari likiwa mwendoni upepo hulificha kosa hilo. Likisimama katika foleni ya Nyali, Februari, jua la kaskazi likiwa juu ya lami, hakuna cha kulificha.

Gasketi ya silinda hedi, kipande kinachoziba kati ya hedi na injini, imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Hedi yenyewe imepinda. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya uso wake, akapenyeza vipande vya bati vya kupimia, na kipande cha milimita 0.12 kikapita, ilhali kikomo cha injini hii ni milimita 0.05. Inaweza kusawazishwa kwenye mashine. Mkaguzi alipiga picha, akaandika, akaondoka bila kusema lolote.

Jumamosi, 17 Februari

Kikao cha dharura, wanachama kumi na wanne. Mkaguzi ameomba daftari la gari, lile ambalo dereva huandika kila siku mafuta, oili, maji na kilomita.

Daftari hilo lina mambo mawili. La kwanza linatusaidia sana. Kuanzia wiki ya tatu baada ya kulinunua gari, dereva ameandika "nimeongeza maji nusu lita", na anaendelea kuandika hivyo karibu kila wiki, na tarehe 14 Agosti ameandika: "Nimepitia yadi, fundi wao amesema niongeze tu maji, ni kawaida." La pili linatuumiza. Katika kurasa tisa ameandika, kwa mwandiko wake safi, "maji ya kisima".

Mwanachama mmoja alipendekeza kurasa hizo zitolewe, au daftari linakiliwe upya. Sitalitaja jina lake, na sidhani kwamba ni mtu mbaya. Ana watoto watatu wanaosomeshwa na mahamri haya, na alikuwa na hofu. Majadiliano yalichukua saa nzima. Dereva alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye aliandika alichokifanya, kwamba hakuna aliyemwambia maji ya kisima yana madhara, na kwamba kama kikundi kitabadilisha daftari basi kimtafutie kazi nyingine. Bi Mwenyekiti alisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa mnataka daftari tulipoteze ili mali ipatikane?" Tukapiga kura. Kumi na mmoja kwa watatu, daftari litolewe kama lilivyo.

Mimi nilipiga kura na wale kumi na mmoja, nami naongeza sababu yangu. Karatasi pekee yenye uwezo wa kuthibitisha kwamba gari lilikuwa linavuja tangu mwezi wa kwanza wa kuwa nalo ni hiyo hiyo inayosema maji tuliyoongeza yalikuwa ya aina gani. Hatuwezi kumtaka mkaguzi aamini ukurasa mmoja na kumficha wa pili.

Alhamisi, 22 Februari

Barua ya kampuni imefika na imekataa madai yote kwa sababu tatu: kwamba matumizi ya maji ya chumvi ni uzembe, kwamba kutokuwepo kwa thamostati ni badiliko lililofanywa kwenye gari, na kwamba risiti ya sevisi ya pili, ya kilomita 81,900, imeandikwa kwa mkono na fundi asiyetambuliwa.

Nimekaa na barua hiyo mpaka alasiri. Wajumbe wawili wametaka tukubali yaishe. Sikubali, na nimeandika jibu la kurasa mbili ambalo wanachama watalisoma kesho kabla halijapelekwa.

Kuhusu risiti, mkataba unasema "risiti ya sevisi" na hausemi mahali popote kwamba sevisi za kawaida zifanywe katika gereji iliyoidhinishwa. Sharti la gereji limetajwa kwa matengenezo ya madai tu. Fundi wetu aliandika tarehe, kilomita, aina ya oili na namba ya filta. Kuhusu thamostati, risiti zetu zote tatu hazina kazi yoyote iliyofanywa kwenye mfumo wa maji, na gari halikuwahi kuguswa na fundi mwingine tangu tulipolinunua. Kwa hiyo kama kuna badiliko, lilifanywa kabla halijafika mikononi mwetu, na ni kampuni yenyewe iliyolikagua gari na kulikubali kabla ya kutuuzia waranti. Fomu ya ukaguzi huo ina alama ya tiki mbele ya "mfumo wa kupoza".

Kuhusu maji ya kisima, nimeandika ukweli. Tulikosea. Lakini maji yaliongezwa kwa sababu yalikuwa yanapungua, na yalikuwa yanapungua kwa sababu pampu ilikuwa inavuja, na pampu ya maji imetajwa kwa jina katika ukurasa wa kwanza wa waranti. Rejeta iliyozibwa ni mzigo wetu. Pampu si mzigo wetu.

Nimeikumbusha kampuni pia kwamba Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na kwamba madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Sikuandika hayo kwa vitisho. Niliyaandika kwa sababu ni haki yetu kujua tunaposimama, na ni haki yao kujua kwamba tunajua.

Alhamisi, 29 Februari

Tumeitwa na kampuni. Tulikwenda watatu: Bi Mwenyekiti, mweka hazina na mimi. Meneja alikuwa amelisoma daftari lote, na maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba katika kazi yake hajawahi kuletewa daftari lililoandikwa jambo la kumdhuru mwenyewe. Alituuliza kwa nini. Bi Mwenyekiti alijibu, "Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, baba."

Baada ya saa mbili tulikubaliana hivi. Makadirio ya gereji ni shilingi 69,800 kwa jumla. Kampuni imekubali seti ya gasketi, 9,500. Kusawazisha hedi, 4,500. Pampu ya maji, 8,000. Na ufundi wote, 18,000. Hizo ni 40,000, tukitoa asilimia kumi yetu wanalipa 36,000. Kwetu inabaki 33,800, ambazo ndani yake mna rejeta mpya ya 16,500, thamostati na nyumba yake 3,500, maji maalumu ya kupozea 3,600, oili na filta 6,200, na hiyo asilimia kumi. Gharama ya kuifungua injini hatutatozwa.

Tungeweza kushikilia thamostati. Nilitaka tushikilie. Lakini Ramadhani inaingia wiki ya pili ya Machi, kutegemea mwandamo, na mwezi huo ndio unaobeba theluthi ya mapato yetu ya mwaka, pamoja na sambusa na kaimati za futari ambazo tuktuk haiwezi kuzifikisha zikiwa nzima. Tulitia saini, na kwa ushauri wa mweka hazina tuliongeza sentensi moja kwamba makubaliano haya hayaondoi haki yetu dhidi ya yadi iliyotuuzia gari.

Jumatatu, 4 Machi

Hedi imerudi kutoka kwenye mashine ikiwa imenyooka. Fundi mkuu ameomba dereva awepo wakati wa kufunga, na amemfanya akaze boliti mwenyewe kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda nje kwa mpangilio, kwa hatua tatu. Vipuri vyote vya zamani tumekabidhiwa ndani ya kiroba. Viko kwa mweka hazina, na ninaomba visitupwe wala kuuzwa kwa chuma chakavu mpaka suala la yadi liishe.

Alhamisi, 7 Machi

Barua imepelekwa yadini, pamoja na picha za nyumba ya thamostati iliyo tupu na nakala ya ukurasa wa tarehe 14 Agosti. Tunadai shilingi 20,000, yaani rejeta na thamostati. Tumewapa siku kumi na nne. Aliyeipokea alisita kugonga muhuri, akagonga.

Jumamosi, 9 Machi. Kilomita 87,447

Gari limetoka gereji jana jioni. Leo asubuhi nimepanda nalo mimi mwenyewe, trei thelathini nyuma. Foleni ilianzia karibu na Kongowea na ilitushikilia juu ya daraja kwa dakika ishirini na mbili, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Mshale ulipanda mpaka chini kidogo ya nusu ukatulia hapo. Feni iliwaka, ikazima, ikawaka tena, nasi tuliisikia kila mara kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa akizungumza.

Nyuma ya kiti sasa pana galoni ya lita mbili ya maji yale yale ya kupozea yaliyomo ndani ya injini, na dereva ameifunga kwa kamba ili mtu asiikosee kwa maji ya kunawa. Katika daftari ameongeza safu mpya upande wa kulia, ameipigia mstari kwa rula, na kichwa chake ni "Maji: kiasi, aina, yametoka wapi". Chini yake, kwa tarehe ya leo, ameandika sifuri.